Kipande cha Benjamin

27 Novemba

Wingu lilitanda tangu asubuhi, tukatoa majembe, kisha likaondoka bila kuaga. Kijiji chetu kizima cha Ulemo kimekwatua mashamba na kinangoja. Mimi huandika mvua kila msimu, ni mazoea ya tangu nilipokuwa nafundisha, na watu bado huja kuniuliza mwaka fulani tulipanda lini. Mwaka huu sidhani kama nitaandika mvua peke yake.

Benjamin tulimzika mwanzoni mwa mwezi huu. Hakufikisha hata mwaka. Ilikuwa nimonia, ilimwanza jioni na asubuhi hatukuwa naye. Alikuwa mtoto wa kwanza wa binti yangu Agnes na mjukuu wangu wa kwanza. Naandika kwa kifupi kwa sababu nikirefusha sitaendelea.

Pale kaburini mkwe wangu Raheli, mama yake Paskali mume wa Agnes, alifanya kama wafanyavyo kwao. Mtoto anayenyonya akifa, bibi mzaa baba huchota udongo mahali alipozika kondo la nyuma siku mtoto alipozaliwa, akautia kaburini, ili mtoto aende mzima na asibaki na kitu cha kumrudisha. Raheli alichota udongo uani kwake, akaja nao kwenye bakuli, akaumimina. Kisha akasimama vilevile, mikono ina vumbi, akasema mbele ya watu wote, "Na kile kipande?"

Kila mtu alikijua. Benjamin alizaliwa wakati wa ule utafiti wa malaria ya wajawazito. Mama aliyeridhia, kondo lake lilikatwa kipande kidogo pale kituo cha afya, kikapelekwa maabara ya Ulaya, kwenye nchi ya waliogharamia utafiti. Sehemu iliyobaki alipewa mwenyewe ikazikwe nyumbani. Agnes aliridhia.

Tangu siku ile Agnes yuko kwangu, analala kwenye mkeka, kitenge cha msiba hakijatoka kichwani. Anasema mtoto wake hajazikwa wote, na hawezi kutoka kwenye msiba ambao haujaisha. Kwa mumewe harudi. Nimemkasirikia sana Raheli. Mtu mzima anapaswa kujua neno la kusema kaburini na neno la kurudi nalo nyumbani.

30 Novemba

Jua. Hakuna kitu.

4 Desemba

Nimempigia Christopher. Huyu ni kijana wa kamati ya taifa ya maadili ya utafiti wa afya, yuko Dodoma. Nilifahamiana naye utafiti ulipoanza, maana kijiji kilinichagua niwe kwenye kamati ya wananchi, na yeye ndiye aliyekuwa akija kutuuliza kama tumeeleweshwa, kama kuna aliyelazimishwa. Kazi yake ni kukaa pamoja na kamati kama hiyo ya ile nchi nyingine, serikali mbili zikitazama kitu kimoja, ili utafiti usiruhusiwe kufanya huku jambo lisiloruhusiwa kule.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Christopher, nina shida na siyo ya kijiji, ni ya nyumbani kwangu."

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa pole kama mtu, siyo kama ofisi. Akasema utafiti umekwisha, na mkataba wa kamati zote mbili unasema vipande vilivyobaki virudi au viteketezwe, na wa kuchagua ni akina mama wenyewe. Kwa hiyo kurudi vinaweza kurudi.

"Ila kujua kipi ni cha nani, Mwalimu... Ulikuwepo orodha ilipochomwa."

Nilikuwepo. Akina mama waliogopa mambo mawili: kwamba kipande cha kondo chenye jina kikiangukia mikono mibaya, mtoto atachezewa, na kwamba ugonjwa wa mtu utasomwa huko na kurudi huku ukiwa maneno ya kisimani. Aliyesimama mkutanoni akayasema bila kumung'unya alikuwa Agnes, tumbo liko mbele. Alisema majina yasivuke. Kila kipande kiwe na namba tu, na kituo kikishamaliza kazi yake, ile orodha inayoonyesha namba fulani ni mama fulani ichomwe hapahapa Ulemo, watu wakiona. Akina mama walipiga vigelegele. Kamati ya kwetu ilikubali, ya kule ikakubali, wakaliingiza kwenye mkataba wao, na tukaambiwa hata nchi nyingine zimesifu. Orodha ilichomwa uani pa kituo. Nilisimulia kanisani jinsi binti yangu alivyozifundisha serikali mbili kazi.

Leo nilimwambia Christopher, "Wazungu hawachomi karatasi bila kubaki na nakala. Wewe unajua."

"Mwalimu, sisi tuliwekwa kazini kuhakikisha hawabaki nayo."

"Basi safari hii naomba muwe mmeshindwa kazi."

Hakucheka, na mimi sikuwa natania. Nilipomweleza Agnes aliinuka kwenye mkeka akakaa. "Watakuwa nayo," alisema. "Watu wale wanatunza mpaka tiketi ya basi." Alikunywa uji wote.

9 Desemba

Mvua. Imenyesha tangu alfajiri mpaka mchana, mitaro imejaa. Tumepanda alizeti. Agnes alisimama mlangoni anatazama, mikono kifuani. Maziwa yamekauka, lakini mkono bado unakwenda palepale.

10 Desemba

Mvua. Tumemaliza upande wa bondeni.

17 Desemba

Ndugu wa Paskali walikuja kumaliza msiba. Walileta unga wa mtama, kuku wawili na maneno mazuri. Raheli alikuja na maji ya kumwogesha Agnes na kitambaa kipya. Agnes aliwasalimia wote mmoja mmoja, shikamoo hazikupungua, kisha akasema, "Nisameheni wazazi wangu. Mwanangu hajaenda wote. Msiba ukimalizwa leo, nitakuwa nimemaliza mimi, yeye bado."

Mzee mmoja alianza kufoka. Raheli akamkatiza: "Mwache. Ana haki." Nilishangaa yeye ndiye wa kusema hivyo, maana moto aliuwasha mwenyewe.

Paskali alinifuata jikoni, mwanaume mzima, machozi yanamtoka na hafuti. "Mama, mimi pia nilimzaa," alisema. "Nami sina mtu wa kulia naye. Naingia ndani, nyumba imenyamaza. Nisubiri mpaka lini?"

Nilimfungia mguu wa kuku kwenye sufuria aende nao, kama vile njaa ndiyo inayomsumbua.

25 Desemba

Krismasi. Tulikwenda kanisani, tukarudi. Pilau sikupika.

11 Januari

Christopher amepiga. Kamati mbili zimekubaliana kufanya ukaguzi wa pamoja mwezi wa pili, wawili wa kwetu na wawili wa kule. Watafungua makabati, majokofu na kompyuta za ile maabara, waone kama kila kilichoandikwa kwenye mkataba kilitekelezwa. Kama kuna nakala ya orodha, itaonekana.

"Na ikionekana?"

"Itakuwa kosa kubwa, Mwalimu. Maabara itafungiwa. Lakini nitakuletea hiyo namba kwa mkono wangu kabla ya mambo mengine yote."

Nilimshukuru. Huyu kijana nilikuwa namwona karani tu wa kupeleka karatasi.

19 Januari, Jumapili

Mchungaji aliomba kwa ajili ya viongozi, Mungu awape uaminifu wa kutimiza walichoahidi. Watu waliitika amina. Mimi sikuitika. Nilimtazama Agnes pembeni yangu, naye mdomo umefungwa. Tulikuwa wawili kanisa zima tunaomba mtu aliyetuahidi awe mwongo.

Tulipotoka nilimkuta Raheli kwenye ngazi, nikashindwa kujizuia. Nilimwambia, "Mama Paskali, mimi ni Mkristo na wewe ni Mkristo. Kipande cha ukubwa wa ukucha kinamzuia mtoto kwenda kwa Mungu?"

"Mama Agnes, mimi sijasema kinamzuia kwenda kwa Mungu," alisema. "Mimi nilizika watoto watatu. Wote niliwatilia udongo mwenyewe, mama mkwe alikuwa hayupo tena. Ndicho kitu pekee nilichoweza kuwafanyia wakiwa wamekufa. Siku ile niliona mkwe wangu amenyang'anywa hata hicho, neno likanitoka."

Nilirudi nyumbani sina hasira, na bila hasira msiba ni mzito zaidi.

3 Februari

Palizi ya pili. Alizeti ya bondeni imenifika kiunoni. Mahindi ya jirani yameingiwa na viwavijeshi.

12 Februari

Leo Benjamin angetimiza mwaka. Agnes alichemsha yai, akalimenya, akaliweka kwenye kisahani. Mpaka jioni lilikuwa hapo. Nikampa paka, Agnes akaniona.

26 Februari

Mvua imekatika. Majani ya alizeti yanalala mchana. Christopher yuko huko Ulaya, simu haipatikani.

6 Machi

Wamekuja. Nitaandika yote, wino ukiisha nitaomba mwingine.

Gari lilifika saa nne kwenye kituo cha afya. Alishuka Christopher, na mama mmoja mgeni wa kamati ya kule, mrefu, nywele nyeupe, amevaa viatu vya kutembelea. Alikuwa amejifunza kusema shikamoo akawa anawaamkia hata wasichana. Watu walicheka kidogo, akacheka nao. Akina mama wa utafiti karibu wote walikuwepo, watoto migongoni au wanatambaa. Agnes alikaa mbele kabisa, kitenge cha msiba kichwani, mikono mitupu.

Christopher alisoma ripoti. Alisoma akiwa amesimama wima, sauti yake nzuri. Walifungua kila kabati. Walipekua kompyuta za maabara, hata za walioacha kazi. Walihoji watu kila mmoja peke yake. Walilinganisha idadi ya vipande na idadi iliyoondoka Ulemo. Kisha akafika pale. "Kamati zote mbili zinathibitisha kwa pamoja kwamba hakuna nakala ya orodha ya majina, popote, kwa namna yoyote. Ahadi mliyopewa ilitimizwa yote."

Akina mama walipiga makofi. Kwa nini wasipige? Walikuwa na haki ya kupiga. Yule mgeni naye alipiga makofi akitabasamu, kwa sababu alikuwa amesafiri mbali kuleta habari njema. Christopher peke yake hakutabasamu. Alikuwa anamtazama Agnes.

Agnes alinyoosha mkono kama mwanafunzi. "Hakuna hata mtu aliyekosea?" aliuliza. "Hata mmoja, akasahau karatasi mahali?"

Yule mgeni alitafsiriwa. Nilimwona akielewa polepole, tabasamu likaondoka usoni, akamwuliza Christopher kitu kwa sauti ya chini, Christopher akamjibu kwa kirefu. Yule mama alivuka uwanja akachuchumaa mbele ya Agnes pale kwenye vumbi. Alisema maneno machache. Christopher akayaleta kwa Kiswahili: "Anasema tulitazama kila mahali. Anasema anasikitika kwamba tulikuwa waaminifu."

"Mwambie asisikitike," Agnes alisema. "Niliwaomba mimi."

Ndiyo mara ya kwanza ametaja kwamba ni yeye. Mimi tangu Novemba nalikwepa neno hilo.

Kisha walitoa sanduku garini, dogo, la plastiki nyeupe. Vipande vyote vimo, vya kila mama, vina namba tu. Christopher alieleza kwamba vinaweza kuteketezwa kwenye tanuri la kituo, au akina mama wapewe wazike wanapotaka, na kamati zote mbili zimekubali kwamba uamuzi ni wao na hakuna wa kuwaharakisha. Akina mama wakasema watakutana. Sanduku likawekwa kwangu, kwa kuwa mimi ndiye wa kamati.

Lipo juu ya kabati la vyombo. Nilifunika kitambaa, nikaona si heshima, nikafunua.

7 Machi

Sikwenda shambani.

8 Machi

Agnes aliomba kuliona. Tulitandika mkeka sebuleni. Raheli alikuja pia, sijui nani alimwambia, akakaa karibu na mlango.

Vipande vimo ndani ya nta, kila kimoja kwenye kifremu chake kidogo, vyekundu vya kufifia. Raheli alishika kimoja. Marehemu mumewe alikuwa na mizinga huko porini, kwa hiyo nta anaijua. Aliikwaruza kwa ukucha, akanusa. "Hii siyo ya nyuki," alisema.

"Itakuwa ya kiwandani, mama Paskali."

"Wangetumia ya nyuki," akasema, akakirudisha taratibu.

Agnes alivitoa vyote akavipanga. Alianza cha kwanza, akakishika mwangani, akakikazia macho, akakiweka. Cha pili. Cha tatu. Kuna kimoja alikaa nacho sana, akakibana kwenye shavu. "Huyu," alisema. Akaendelea kukitazama mpaka uso ukaanza kubadilika. "Hapana," akasema. "Sijui, mama. Nilidhani nitamjua. Mimi ni mama yake, nilidhani nitamjua."

Alilia. Hakuwa amelia hivyo tangu mazishini. Raheli alitambaa kwenye mkeka akaja akamshika, na mimi nikamshika upande wangu, tukawa wanawake watatu katikati ya vitu vile. Mchana tulivirudisha sandukuni. Ni Raheli aliyevipangusa vumbi.

Mimi niliyemwuliza Raheli kuhusu ukubwa wa ukucha leo nimevihesabu mara mbili nisije nikaacha kimoja mkekani.

11 Machi

Mvua imerudi, kubwa, ya radi. Alizeti imeanza kuchanua. Kila nikipita kwenye kabati najikuta nasema habari za asubuhi.

15 Machi

Mkutano wa akina mama, kwangu, chini ya paa kwa sababu ya manyunyu. Raheli ndiye aliyezungumza kwanza. Aliomba sanduku lote lizikwe kaburini kwa Benjamin. Alisema kipande chake kimo, hakiwezi kutengwa, basi kwenda viende vyote. Baadhi waliitikia kwa kichwa.

Jenifa akasimama. Jenifa ni rafiki wa Agnes tangu shule ya msingi, walijifungua wiki moja, vitanda vimekaribiana. Mtoto wake, Andrea, alikuwa miguuni pake anavuta kanga.

"Agnes, unajua navyokupenda," alisema. "Lakini kondo la mtoto aliye hai halizikwi kaburini. Huwezi kumwingiza Andrea kaburini, hata kipande. Mimi sitaki. Akiugua kesho nitafanya nini? Nitamlaumu nani?"

Moyoni nilimtukana. Nilifikiri, wewe unaye, anakuvuta kanga, unanyima nini? Nilikuwa tayari kusema. Kisha Andrea alianguka, akalia, na Jenifa akamwinua kwa haraka, akampapasa kichwa chote, nikaona hofu yake yote. Ni hofu ileile aliyokuwa nayo Agnes siku ya orodha.

Walianza kubishana. Wengine wakasema tanuri. Raheli akasema, "Mnataka mjukuu wangu achomwe?" Sauti zikapanda. Ndipo Agnes akasimama.

"Jenifa ana haki," alisema. "Siku ile nilisimama nikasema watoto wetu walindwe, wote, wasijulikane. Wakalindwa. Siwezi leo kuwachukua watoto wenu nikawatia kaburini ili nimpate wangu. Mama Raheli, tuvizike uani kwako, pale ulipozika kondo lake. Ni nyumbani, watoto wanakimbia pale. Na yeye atakuwa hapo na wenzake."

Jenifa alitaka kumkumbatia, akaogopa. Agnes alimshika yeye.

22 Machi

Tumezika. Raheli alichimba mwenyewe, hakukubali kijana amsaidie. Akina mama waliweka vipande, kila mmoja alichukua kilichofika mkononi bila kuchagua. Tuliimba wimbo mmoja. Mvua haikunyesha lakini ardhi ilikuwa laini.

Shimo lilipofukiwa, Raheli aliinama akachota udongo kwa viganja viwili. Tulielewa wote. Udongo wa pale lilipozikwa kondo, ndio ule unaokwenda kaburini. Angevuka nao tu hadi kwenye lile kaburi dogo na kila kitu kingekuwa kimetimia kama wafanyavyo kwao. Hata Jenifa aliinamisha macho, akawa kama mtu aliyekubali kutoona.

Agnes alimshika mikono mama mkwe wake, akamfungua vidole taratibu, udongo ukarudi chini.

"Acha, mama," alisema. "Huo sasa ni udongo wa watoto wote."

Raheli alikaa chini palepale akalia kwa sauti. Paskali alikuwa amesimama kando ya zizi. Agnes alimwendea, wakakaa kwenye gogo, na kwa mara ya kwanza niliwaona wanalia pamoja. Sikusogea.

Jioni Agnes aliomba maji ya kuoga. Raheli ndiye aliyemwogesha. Kitenge cha msiba Agnes alikikunja akanipa mimi nitunze.

23 Machi

Agnes amerudi kwake. Mkeka nimeukung'uta nikauweka juu ya dari. Nyumba ni kubwa mno.

20 Aprili

Pasaka. Mvua zimekwisha kwa mwaka huu, nadhani. Alizeti imeinamisha vichwa. Nilimkuta Agnes amekaa kaburini, peke yake, anang'oa majani. Nilimwuliza kama nafsi imetulia. Alisema, "Haijatulia, mama. Imezoea." Nilimsaidia kung'oa.

24 Mei

Tunapiga alizeti uani kwangu. Agnes na Paskali walikuja kunisaidia, na Raheli anapepeta. Nywele za Agnes zimeota, amesuka mistari.

Simu ya Christopher ilikuja saa tano. Nikaiweka sauti kubwa wote wasikie. Alisema kamati ya kwetu na ile ya kule zimekaa tena, na safari hii walikuwepo wawakilishi wa serikali nyingine wanazofanya nazo tafiti za namna hii. Wamekubaliana. Kuanzia sasa orodha ya majina haichomwi mapema. Itafungwa kwa lakiri, itatunzwa na kamati ya taifa ya mama mwenyewe, na hakuna mtafiti wala nchi itakayoifungua, ila mama akiomba. Mama atakayetaka ichomwe, jina lake litachomwa. Na kabla ya kipande chochote kuondoka, mama ataulizwa: mtoto akifariki, ungependa kirudi wapi?

"Dada Agnes," alisema, "yule mama wa kule amesimulia habari yako pale mbele ya wote. Hicho kifungu kimetoka kwako. Nilitaka usikie kwangu."

Agnes alikuwa ameshika fimbo ya kupigia. "Asante kaka," alisema. "Mama mwingine hatapanga vipande kwenye mkeka."

"Hatapanga."

Agnes alifikiri kidogo. "Kifungu chenyewe kinaitwaje?"

Christopher alisita. "Vifungu havina majina, dada. Vina namba tu."

Raheli aliacha kupepeta. Agnes alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa habari anayoijua.

"Sawa," alisema. "Msalimie yule mama." Akainua fimbo akaendelea kupiga, na mbegu zikaendelea kuruka kwenye turubai.

Tumepata magunia mengi kuliko mwaka jana. Mvua ilichelewa, ikakatika mwezi wa pili, ikarudi, na bado imetosha. Nimeandika hivyo kwa ajili ya watakaokuja kuniuliza. Na lingine naliandika hapa, mahali ambapo hakuna kamati itakayokuja kukagua: anaitwa Benjamin Paskali Kitundu.